Maswali yenu: asiyeona akiwa juu ya wimbi

Makala yangu kuhusu wanamichezo wasioona wanaoshindana kuteleza mawimbini kwa ubao imeniletea ujumbe mwingi kuliko nilivyozoea. Wengine mmefurahi, wengine mmeniita mwongo kwa adabu, na mmoja hakujali hata hiyo adabu. Nimechukua maswali yaliyojirudia, nimeyafupisha, na majina nimeyaacha pembeni.

Mtu haoni, wimbi linakuja. Analijuaje? Au kuna watu wanamsukuma tu, sisi tunapiga makofi? (Bagamoyo)

Wimbi lina kelele kabla halijafika, na kelele hiyo ina upande. Linapoanza kuvunjika, povu huanzia mahali fulani kisha hutembea kwenda kulia au kushoto. Asiyeona akisikia povu linanguruma sikio la kushoto, anajua uso safi wa wimbi uko kulia, na huko ndiko anakogeuzia ubao. Baada ya masikio unakuja mwili. Umelala kifudifudi juu ya ubao. Wimbi likikufikia linainua mkia kwanza, miguu inapanda kabla ya kifua. Unapiga mikono majini mara mbili tatu kwa nguvu, ubao unaanza kushuka wenyewe, upepo unakupiga usoni, unasimama. Akishasimama, wengi huchovya vidole vya mkono mmoja kwenye ukuta wa maji: ukuta ukisogea karibu wimbi linasimama wima, ukipotea mkononi umelipita.

Mbrazili Derek Rabelo, wa Guarapari, alizaliwa haoni. Baba yake alimpa jina la Derek Ho, bingwa wa dunia wa mwaka 1993 kutoka Hawaii, kwa kuwa alitamani mwanawe awe mtelezaji. Akawa. Ameteleza Pipeline kwenyewe huko Hawaii, wimbi linalovunjika juu ya mwamba uliofunikwa na maji machache, ambalo wenye macho yao mazima hulitazama kutoka ufukweni na kusema leo basi.

Kilicho kigumu kwa wasioona ni kusimama wima, maana jicho ndilo linalosaidia sana mwili kujua uko wima. Jaribu sasa hivi: simama kwa mguu mmoja, kisha fumba macho. Sasa fikiria sakafu nayo inakimbia. Kwa hiyo kama kuna mtu pembeni anayemsaidia kwa sauti, sawa, lakini kusimama, kugeuza ubao na kubaki juu yake hakuna wa kumfanyia.

Mwenye uoni hafifu akishindana na asiyeona kabisa, si atamshinda kila siku? (Nakuru)

Ndiyo maana wametenganishwa. Mwanzoni wote walikuwa kundi moja, kisha likagawanywa: VI 1 ni la wasioona kabisa au wanaobakiwa na mwanga tu, VI 2 ni la wenye uoni hafifu. Mhispania Aitor Francesena amekuwa bingwa wa dunia mara kadhaa upande wa wasioona kabisa. Upande wa pili jina kubwa ni Matt Formston wa Australia, ambaye alipoteza sehemu kubwa ya uoni wake akiwa na miaka 5 kwa ugonjwa unaoharibu uoni wa katikati, akabaki na kauoni kadogo ka pembeni. Huyu ni mtu wa pekee kidogo: mwaka 2016 alikuwa Rio kwenye Paralimpiki akiendesha baiskeli ya watu wawili, na mwaka 2022 akavutwa na boti ndogo ya injini hadi kwenye mawimbi ya Nazaré, Ureno, yale yenye urefu wa majengo.

Mimi jicho la kulia halioni tangu utotoni, la kushoto ni zima. Naweza kuingia? (Morogoro)

Hapana. Katika michezo ya wasioona huangaliwa uwezo unaobaki ukiwa umevaa miwani inayokufaa, na jicho lako la kushoto linakutoa. Kwenye riadha ya Paralimpiki, kwa mfano, mtu huanza kufikiriwa pale ambapo kile anachokisoma akiwa mita 6, mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 60, au pale uwanja wake wa kuona ulipobana sana. Wewe shindana na sisi wengine.

Henry Wanyoike alikuwa akikimbia na mwelekezi, wameshikana kamba. Baharini wanafungwaje? (Eldoret)

Swali zuri kuliko yote niliyopata. Hawafungwi. Kamba pekee iliyopo ni ile inayounganisha kifundo cha mguu na ubao wako mwenyewe. Ukiongeza ya pili kati ya watu wawili kwenye povu, mmoja atanyongwa.

Mnakumbuka Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mita 5,000: mwelekezi wa Wanyoike, yule mkimbiaji Mkenya asiyeona, aliishiwa nguvu mwishoni, na asiyeona ndiye aliyemburuta mwenye macho hadi kwenye utepe. Baharini msaada huo haupo upande wowote. Mwelekezi anakaa juu ya ubao wake, karibu na mwenzake, uso ameuelekeza bahari kuu, na kazi yake yote ni mdomo. “Yanakuja matatu. Acha la kwanza. Hili la pili, kulia. Geuka. Piga, piga, piga, simama!” Kisha yamekwisha. Wimbi likishamchukua mwenzake, sauti inabaki nyuma, na ngurumo inaimeza. Kwa sekunde zinazofuata yule bwana au yule dada yuko peke yake.

Kwa hiyo maneno hupangwa nchi kavu, machache, na kila neno lina maana moja. Mwelekezi msemaji sana ni hasara. “Nadhani hili linaweza kuwa zuri kidogo” ni sentensi ndefu kuliko muda uliopo. Pia ni yeye anayechunga sheria ya kwanza ya mchezo huu: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapovunjika ndiye mwenye haki nalo, na asiyeona hawezi kujua kama kuna mtu kimya aliye karibu zaidi na hapo kuliko yeye.

Sehemu ambayo haionyeshwi kwenye video ni kurudi. Ameteleza, ameanguka, amezunguka chini ya maji, ameibuka. Pwani iko wapi? Anavuta kamba ya mguuni hadi ashike ubao, anatega sikio apate povu la ufukweni, anaangalia upepo uko shavu gani, anasubiri aitwe. Mwelekezi anayejua kazi ameshaanza kupiga makasia kumfuata kabla hajaanguka.

Waamuzi wanawaonea huruma kwenye alama? (Mombasa)

Hapana. Kila wimbi hupewa alama kati ya 0 na 10, na mawili bora ndiyo yanayohesabiwa, kwa hiyo kilele ni 20. Wanaangalia ugumu, kasi, nguvu na namna mtu anavyounganisha mizunguko yake, na unapambanishwa na wa kundi lako. Ukichagua wimbi bovu, alama zako zitakuwa mbovu.

Mbona Paralimpiki hatuwaoni? (Dodoma)

Kwa sababu hawamo. Kuteleza mawimbini kuliingia Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na mwaka 2024 mashindano yalipelekwa Teahupo'o, Tahiti. Upande wa Paralimpiki mlango haujafunguliwa. Kwa Los Angeles 2028 michezo miwili ilikuwa ikipigania nafasi, huu na kupanda kuta. Wapanda kuta wameingia, wateleza mawimbini wamebaki nje. Inauma zaidi kwa sababu ni California hiyohiyo, ufukwe wa La Jolla mjini San Diego, ambako mashindano ya dunia ya wenye ulemavu yalianzia mwaka 2015. Maji yapo na wachezaji wapo. Mimi naona ni nafasi iliyochezewa.

Shikamoo. Nina miaka 19, nina ualbino na uoni hafifu, naishi Kigamboni. Nataka kujaribu. Nianzie wapi? (Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Anzia kuogelea, na usinunue ubao wowote kabla ya hapo. Ukiweza kukaa majini dakika kumi bila kushika chini wala kuhangaika, tafuta ubao mrefu wa sponji, si ule mgumu, maana utakupiga kichwani na wa sponji unasamehe. Miezi ya kwanza cheza na povu lililokwisha kuvunjika, maji ya kiunoni, mchanga chini. Miamba iache.

Kusi likivuma ndipo upande wetu unapata mawimbi, lakini huleta pia maji yaliyochafuka na mikondo. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, usiyaingie ukiwa mgeni. Yakitoka yanatoka na mtu. Uliza wavuvi wa hapo, wao wanajua mkondo unapita wapi kuliko mwalimu yeyote wa ubao.

Sasa ngozi. Baharini jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Ingia alfajiri au jioni, vaa fulana ya mikono mirefu na suruali ya kuogelea, paka mafuta ya kuzuia jua na uyarudie ukitoka. Kofia ya kufungwa kidevuni itakusaidia pia macho, maana mng'ao wa maji ndio utakaokusumbua kuliko mawimbi. Na tafuta mwenzako mmoja wa kudumu wa kuwa sauti yako. Usibadilishe kila wiki.

Mwanangu ana presha ya macho na ameshafanyiwa upasuaji. Ameona video zenu, hanipi usingizi. Si hatari? (Mama, Zanzibar)

Ni hatari, mama, na sitakuficha. Francesena niliyemtaja juu alikuwa na ugonjwa huohuo wa kuzaliwa nao. Jicho moja lilikwenda akiwa kijana, na la pili liliharibika mwaka 2012 akiwa mawimbini, kwa kishindo cha maji tu. Rabelo naye ni presha ya macho, ila yeye hakuwa na uoni wa kupoteza. Mwanao anao, na hilo linabadilisha hesabu yote.

Kwa hiyo nenda kwa daktari aliyemfanyia upasuaji, si mwingine, umuulize mambo mawili: kidonda kimepona kiasi gani, na je, jicho linaweza kustahimili kupigwa na maji kwa nguvu. Usiulize “anaweza kuogelea?” kwa sababu atafikiria bwawa la hoteli. Mwambie ni ubao, ni mawimbi, na mtoto ataanguka kila mara. Akisema asubiri, mwanao aanze na kuogelea kichwa kikiwa juu na kupiga mikono akiwa amelala kwenye ubao mahali palipotulia. Hiyo ni nusu ya mchezo, na haina kishindo.