Kumbana seneta mwaka wa uchaguzi: tuliyojifunza Georgia, 2020

Vijana kadhaa wa hapa Georgia wameniuliza wafanye nini ili wabunge na maseneta wawasikilize msimu huu wa kampeni. Nitawajibu kwa niliyoyaona mwaka 2020, wakati wa korona, tulipokuwa tunadai pesa za msaada kutoka Washington huku majirani zetu wakibandikiwa milangoni karatasi za mahakama za kutolewa nyumba. Mwanasiasa anayetafuta kura anapigiwa kelele kutoka kila upande. Anayepata jibu ni yule anayeishi ndani ya jimbo lake, anayetaja jambo moja na sheria inayohusika, na anayerudi wiki ijayo na jambo lilelile. Na mwenye subira ya kuendelea baada ya siku ya kura ndiye anayevuna zaidi. Sisi tulivuna Desemba.

Ninaishi karibu na Clarkston, mji mdogo ulio kaunti ya DeKalb, nje kidogo ya Atlanta. Wakimbizi wamekuwa wakipokelewa pale kwa miaka mingi, na ukipita kwenye maegesho ya majengo yake ya kupanga utasikia Kiswahili cha Bukavu na Uvira, Kirundi, Kisomali, Kinepali. Mwaka 2020 wengi walikuwa wanafanya usafi hotelini au kazi za uwanja wa ndege. Wengine walijazana kwenye gari moja kabla ya alfajiri kwenda viwanda vya kuku vya Gainesville. Hoteli zikafungwa. Viwanda vya kuku vikaendelea, na watu wakaugua humo. Mimi nilikuwa nahudumia wazee majumbani mchana, na jioni nawasomea majirani barua zao.

Machi 27 Rais Trump alitia saini sheria iliyoitwa CARES, yenye thamani ya dola trilioni 2.2. Watu wazima wengi walipata dola 1,200, na waliopoteza kazi wakaongezewa dola 600 kwa wiki juu ya malipo ya jimbo. Hapa Georgia malipo ya jimbo yenyewe hayakuzidi dola 365 kwa wiki, kwa hiyo zile 600 ndizo zilizokuwa zinalipa kodi ya nyumba. Mwisho wa Julai zikakatika. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeshapitisha muswada mwingine mkubwa, HEROES, tangu Mei 15, lakini Seneti haikuuleta kwenye kura. Oktoba 1 Wawakilishi wakapitisha mwingine uliopunguzwa, nao ukakwama palepale. Wakati huohuo mabango ya kampeni yalikuwa yamejaa kila kona, maana viti vyote viwili vya useneta wa Georgia vilikuwa vinagombewa.

Watu walipiga simu Washington tangu mwanzo. Walichokuwa wanasema ndicho kilichokuwa na shida. Wengi walieleza mateso yao, wakalia hata, halafu wakamalizia kwa "tafadhali tusaidieni." Mateso yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini fikiria anayepokea simu. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza chuo juzi, ana kompyuta mbele yake, na kazi yake ni kuandika jina, namba ya posta, suala gani, unaunga mkono au unapinga. Ukimwambia "tunateseka" atakuonea huruma, ila hana mahali pa kuliandika. Ukimwambia "namtaka seneta apige kura kurudisha zile dola 600 kwa wiki," amepata mstari wa kujaza, na jioni mstari huo unahesabiwa pamoja na mingine.

Kuna mama mmoja wa kutoka Uvira niliyekaa naye mezani kwake kumwandalia simu. Akaniuliza, "Dada, mimi hata kura sina, nitamwambia nini mtu mkubwa kama huyo?" Nikamwambia, "Mama, seneta anawakilisha kila anayeishi Georgia. Sensa ya mwaka huu imekuhesabu na wewe." Na ni kweli, sensa ilikuwa mwaka uleule, na katiba ya Marekani inampa mtu haki ya kupeleka malalamiko yake serikalini bila kumuuliza kwanza kama ni raia. Tukachukua bahasha ya bili ya umeme tukaandika nyuma yake: jina lake, naishi Clarkston, 30021, nilikuwa nafanya kazi hotelini, imefungwa tangu Machi, kodi yangu ni dola 950, naomba seneta apige kura kurudisha dola 600 kwa wiki, je, atapiga kura ya ndiyo? Basi, hakuna zaidi. Alisema mwenyewe kwa Kiswahili, mimi nikawa natafsiri kwenye spika ya simu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hiyo nyumba ya dola 950 ina vyumba vingapi na wanaishi wangapi. Mama akamjibu. Nilisikia sauti ya vidole vikiandika.

Ujumbe wa kunakili na kubandika haukupi swali kama hilo. Sisemi usitumwe kabisa, maana nao unahesabiwa. Ila kama una nguvu ya jambo moja tu kwa wiki, piga simu na ueleze habari yako mwenyewe, na ndani yake iwepo tarakimu moja ambayo msikilizaji ataikumbuka akiwa anakula chakula cha mchana. Kodi ni tarakimu nzuri. Bei ya insulini pia. Barua ya posta kwenda Washington ipeleke kama huna haraka, kwa sababu barua za bungeni hukaguliwa kwanza na huchelewa. Afadhali ofisi ya seneta iliyo hapahapa jimboni.

Swali la mwisho, "atapiga kura ya ndiyo?", msiliache. Wengi wetu tumelelewa kutomhoji mkubwa, tunaona ni utovu wa adabu. Linaulizwa kwa upole, lakini lazima liulizwe, kwa sababu bila hilo utaambiwa seneta anawajali sana wananchi wa Georgia, na simu imeisha. Wakijibu kwamba bado hajaamua, uliza atatoa msimamo lini, kisha piga tena siku hiyo. Na matusi kamwe. Anayetukana hukatiwa simu, na anayefuata kwenye laini anapokewa na mtu aliyekwisha kasirika.

Je, kama mbunge wenu tayari yuko upande wenu? Sisi wa Clarkston tulikuwa chini ya Hank Johnson, ambaye hakuhitaji kusukumwa ili aunge mkono msaada. Mtu wa namna hiyo msimpigie kumwomba kura aliyokwisha kuitoa. Mwombeni kingine: azungumzie jambo lenu na viongozi wa chama chake, au aje kuwasikiliza watu kwenye mkutano wa mtandaoni ili kisa cha mtaa wenu kimfikie Washington. Rafiki ukimwachia bila kazi, siku ya mapatano jambo lako ndilo la kwanza kukatwa.

Kuhusu kuchagua ombi, nawasihi mchague lile ambalo wengine hawatalisemea. Malipo ya wasio na kazi yalikuwa na watetezi nchi nzima. Lakini kulikuwa na kipengele ndani ya CARES kilichoumiza nyumba nyingi za wahamiaji: mume na mke wakijaza pamoja fomu za kodi ya serikali, na mmoja wao hana namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) ila anatumia ile ya walipa kodi tu (ITIN), basi wote wawili wanakosa, na watoto wao waliozaliwa hapa wanakosa pia. Ni familia za jeshi tu zilizoachiwa nafuu. Nyumba ninayoijua ilikosa kila kitu ingawa baba alikuwa raia na alifanya kazi kipindi chote cha korona. Hilo tukalirudia kwenye kila simu, sambamba na vikundi vya Walatino na vya makanisa kwenye majimbo mengine. Sheria ya Desemba ililirekebisha, na ikarudi nyuma kuwafidia waliokoseshwa zile 1,200. Simu zetu zilikuwa chache kati ya nyingi mno, lakini zilikuwa na jambo lililoandikika, na lilibaki kwenye meza mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye huo mwisho, maana ndipo penye somo kubwa. Novemba 3 ilipopita watu walichoka. Vikundi vingi vya WhatsApp vilivyokuwa vinahamasishana vikageuka vya kutumiana pole na hongera. Georgia hatukupata nafasi hiyo. Hakuna mgombea wa useneta aliyevuka nusu ya kura, kwa hiyo viti vyote viwili vikaenda duru ya pili Januari 5, 2021, na kwa viti hivyo ndipo ingejulikana nani anaongoza Seneti. Upigaji kura wa mapema ulianza Desemba 14. Kwa wiki hizo chache, wanasiasa wa nchi nzima walikuwa wanatuangalia sisi.

Tazama kilichotokea. Desemba 21 Bunge likapitisha msaada mpya: dola 600 kwa mtu, nyongeza ya dola 300 kwa wiki kwa wasio na kazi, ongezeko la asilimia 15 kwenye kadi za chakula, dola bilioni 25 za kusaidia kodi za nyumba. Kesho yake Trump akasema 600 ni ndogo, akataka 2,000. Akatia saini Desemba 27. Tarehe 28 Baraza la Wawakilishi likapitisha zile 2,000 kwa kura 275 dhidi ya 134. Tarehe 29 maseneta wetu wote wawili, David Perdue na Kelly Loeffler, wakatangaza hadharani kwamba wanaunga mkono 2,000. Mitch McConnell, kiongozi wa walio wengi Seneti wakati huo, hakuiacha ipite. Raphael Warnock na Jon Ossoff, waliokuwa wanagombea dhidi yao, waliibeba tarakimu hiyohiyo kwenye kampeni zao mpaka siku ya mwisho, wakashinda. Machi 11, 2021, Rais Biden akatia saini sheria ya dola trilioni 1.9, na ndani yake dola 1,400 za kujazia zile 600.

Mimi naamini ile "elfu mbili" ilibeba uzito kwa sababu bibi yeyote mtaani aliweza kuitamka na kuuliza iko wapi. Muswada wa kurasa maelfu hauulizwi hivyo. Na ile elfu mbili iliulizwa wakati ambao kila kura ilikuwa inatafutwa kwa tochi. Kwa hiyo mkipanga ratiba yenu, msiweke Novemba kuwa mwisho. Kati ya uchaguzi na kuapishwa kwa wapya mwezi Januari, Bunge la zamani bado linapitisha sheria, na ofisi zinapokea simu za watu wachache zaidi.

Tahadhari chache, na hizi msizichukulie kirahisi. Asiye raia apige simu, ashike bango, atafsiri, apike chakula cha mkutano. Lakini asijiandikishe kupiga kura, hata kama mtu mwenye karatasi na tabasamu nje ya duka anamsihi. Linaweza kumgharimu makaratasi yake yote. Asiye na ukaazi wa kudumu asichangie pesa kwenye kampeni ya mgombea. Makanisa na misikiti yenye msamaha wa kodi yanaweza kuzungumzia muswada, ila mwaka ule tuliwaomba wachungaji na maimamu wasimtaje mgombea wa kumchagua, na walituelewa. Na walikuwepo walioogopa kupokea zile hela za msaada wakidhani zitawaharibia maombi ya ukaazi. Zile zilikuwa marejesho ya kodi ya serikali, hazikuhesabiwa. Uvumi kama huo ukiachwa wiki moja tu, unawazuia watu hata kuja kwenye mkutano.

Halafu sheria ikipita, nusu ya kikundi ihame kutoka kwenye simu iende milangoni. Septemba 2020 taasisi ya afya ya CDC ilizuia watu kutolewa nyumba kwa kukosa kodi, lakini zuio lile halikuja lenyewe: mpangaji alitakiwa kujaza tamko, alisaini, na ampe mwenye nyumba. Wangapi walijua? Tulilitafsiri kwa Kiswahili, tukalisambaza kwa picha kwenye simu, na tukawa tunawakumbusha kwamba karatasi ya mahakama Georgia inatakiwa kujibiwa ndani ya siku saba, ukinyamaza unashindwa. Yule mama wa Uvira alijibu yake kwa wakati. Aliendelea kukaa pale.

Na habari kama hizo zirudisheni kwenye ofisi za maseneta. Waambieni: ile sheria mliyopigia kura imefika kwa huyu, haijafika kwa yule, sababu ni hii. Wasaidizi wengi hawapati mtu wa kuwaeleza hivyo, na mkishafanya hivyo wanakumbuka jina la kikundi chenu mkiomba kikao.

Namba ya kuunganishwa na ofisi yoyote ya Bunge ni 202-224-3121. Taja jimbo lako na jina la seneta au mbunge wako, toa ombi lako moja, uliza swali la mwisho, andika tarehe na jina la aliyepokea. Asiyekiamini Kiingereza chake aombe mwenzake akae pembeni atafsiri, kama tulivyofanya. Na kwenye kalenda ya simu yako, weka alama leo hii kwenye wiki ya kwanza baada ya uchaguzi: siku hiyo unapiga tena.