Maswali ya Wasomaji: Metali Mbili Ndani ya Molekuli Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Moshi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano walitengeneza fuwele za asetati ya shaba kwa kutumia mrututu (salfeti ya shaba), magadi na siki. Tulipoziweka kwenye mizani ya kidijitali na kusogeza sumaku kali juu yake, zilivutwa, lakini kidogo kuliko mrututu wa uzito uleule. Shaba ni ileile, na kwa hesabu yangu asetati ina shaba nyingi zaidi katika kila gramu. Kwa nini basi usumaku wake upungue?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, Mwalimu, na ndiyo inayolipa swali lako uzito. Mrututu wenye maji yake ya fuwele una shaba takriban asilimia 25 ya uzito wake, ilhali asetati yenye molekuli moja ya maji inakaribia asilimia 32, kwa hiyo kama kila ioni ya shaba ingevutwa kwa kiasi kilekile popote ilipo, asetati ndiyo ingeshinda. Inashindwa kwa sababu ioni zake zimefungwa mbili mbili, na kila moja inaathiri mwenendo wa mwenzake.

Ioni ya shaba yenye chaji mbili chanya ina elektroni tisa katika ganda lake la nje, liitwalo d. Nane zimekaa jozi jozi, na moja imebaki bila mwenza. Elektroni hiyo ya pekee ndiyo inayoipa ioni usumaku. Ndani ya mrututu kila ioni imezungukwa na oksijeni za maji na za salfeti, iko mbali na ioni nyingine, na huitikia sumaku yako kana kwamba iko peke yake. Asetati ni habari tofauti. Fomula tunayowaandikia wanafunzi ubaoni, yenye shaba moja na asetati mbili, hutaja uwiano tu na kuuficha umbo, na kwa maoni yangu vitabu vyetu vingefanya vyema kuchora molekuli yenyewe walau mara moja. Ukweli ni kwamba molekuli hiyo ina shaba mbili zinazotazamana, zimeunganishwa na madaraja manne ya asetati, kila daraja likitoa oksijeni moja kwa shaba hii na nyingine kwa shaba ile, na kila upande wa nje umekaa molekuli moja ya maji.

Umbali kati ya shaba hizo mbili ni nanomita 0.26 hivi, karibu sawa na umbali wa atomu jirani katika waya wa shaba. Mtu angetarajia kwamba zimeshikana moja kwa moja, lakini mawasiliano ya elektroni zake hupita zaidi kwenye daraja lenyewe, kutoka oksijeni hadi kaboni hadi oksijeni ya pili. Kwa njia hiyo elektroni ya shaba moja huielekeza ile ya pili upande wa kinyume, na usumaku wa moja hufuta wa nyingine. Joto la chumbani linatosha kuzivuruga baadhi ya jozi na kuzifanya zielekee upande mmoja, na huo usumaku wa jozi zilizovurugika ndio mizani yenu iliouona. Wanakemia huupima usumaku wa ioni kwa kipimo kiitwacho magnetoni ya Bohr: shaba iliyo huru hutoa takriban 1.9, na shaba ya asetati, katika joto la kawaida, takriban 1.4.

Jambo linalonifurahisha kila ninapolieleza ni kwamba jozi hizi zilitambuliwa kwa usumaku kabla ya umbo lake kuonekana. Mwaka 1952 wanafizikia Bleaney na Bowers, waliokuwa Oxford, walichunguza jinsi fuwele hizo zinavyofyonza mawimbi mafupi ya redio zikiwa ndani ya uga wa sumaku, wakahitimisha kwamba shaba zake lazima ziwe mbili mbili. Mwaka uliofuata van Niekerk na Schoening walipiga fuwele hizo kwa eksirei na kuikuta jozi ileile.

Ukitaka kuliendeleza jaribio, badilisha halijoto. Usumaku wa mrututu huongezeka kadiri unavyopoa. Ule wa asetati hufika kilele karibu na kelvini 255, yaani nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha hushuka, kwa hiyo barafu pekee haitakuonyesha mengi. Naitrojeni ya kimiminika, ile inayotumika kuhifadhia mbegu za madume katika kituo cha uhimilishaji cha Usa River, ingeipokonya asetati karibu usumaku wake wote huku ikiuzidisha wa mrututu mara kadhaa. Hilo lifanyike chini ya usimamizi wa mtu aliyezoea kuishika, wala si ndani ya chumba kilichofungwa.

Tahadhari moja kabla sijaendelea: wanafunzi wasiondoke wakidhani kwamba kuelekeana kinyume daima huzaa sifuri. Iko kampaundi ya manganizi yenye ioni 12, iliyoelezwa na mwanakemia Lis mwaka 1980, ambamo ioni nane zenye elektroni pweke nne kila moja huelekea upande mmoja, na ioni nne zenye elektroni tatu kila moja huelekea upande wa pili. Toa 12 katika 32, zinabaki elektroni 20 zinazovuta pamoja. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba molekuli moja ya kampaundi hiyo, ikipozwa hadi kelvini chache tu, huhifadhi usumaku wake hata baada ya sumaku ya nje kuondolewa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Arusha. Nimesoma kwamba kampaundi zenye metali mbili au zaidi huua bakteria kuliko zenye metali moja. Je, hiyo ndiyo sababu miili ya viumbe huzitumia, na je, tutegemee dawa mpya kutoka kwake?

JIBU: Hayo ni mambo mawili, na naomba uyatenganishe. Viumbe hutumia metali mbili zilizo karibu pale kazi moja inapohitaji mikono miwili. Mfano ulio chini ya miguu yetu ni yurizi, kimeng'enya cha vijidudu vya udongo kinachoigeuza mbolea ya urea kuwa amonia, na ndicho sababu mkulima wa Arumeru akiitawanya urea juu ya ardhi bila kuifukia hupoteza sehemu yake hewani. Mwanakemia Sumner alikipata kimeng'enya hicho kikiwa fuwele mwaka 1926, kutoka kwenye aina ya maharage, lakini nikeli iliyomo haikutambuliwa hadi 1975. Nikeli hizo ni mbili, zimetenganishwa na nanomita 0.35 hivi: moja huishika urea, na maji yaliyoshikwa na metali hizo huivunja. Bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo hutumia yurizi hiyohiyo kujizungushia amonia ili asidi ya tumbo isiwaue.

Kuhusu dawa, kuwa mkali kwa kila unachosoma. Majaribio mengi hufanywa kwenye sahani ya maabara: kampaundi huwekwa, bakteria huoteshwa, na upana wa eneo wasipoota hupimwa. Matokeo hayo hayana maana kama mtafiti hakujaribu pia ligandi (molekuli inayoishika metali) peke yake, chumvi ya kawaida ya metali ileile, na kiyeyushi kilichotumika, kwa sababu kampaundi yaweza kusambaratika ndani ya sahani na kinachoua kikawa ni ioni tupu za shaba. Shaba kwa wingi huua bakteria, na huua pia seli za mgonjwa. Swali la kwanza la kuuliza, basi, ni kama molekuli ilibaki nzima ndani ya maji yenye chumvi na protini, na la pili ni kiasi gani kinadhuru seli za binadamu.

Njia hii ya kutafuta dawa katika molekuli zenye metali nyingi imewahi kukwama hata ilipoahidi mengi. Sisplatini, dawa ya saratani yenye platini moja, iliidhinishwa Marekani mwaka 1978. Baadaye ilitengenezwa molekuli yenye platini tatu iliyoonyesha nguvu kubwa maabara, ikafika hadi awamu ya pili ya majaribio kwa wagonjwa, ikaishia hapo. Pale metali nyingi zilipofanikiwa, zimefanikiwa kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Rangi iitwayo bluu ya Prussia, ambayo ni wavu wa ioni za chuma za aina mbili zilizounganishwa na sianidi, haiui kitu chochote: mgonjwa huimeza, haiyeyuki, na njiani hunasa metali za sumu, yaani sizi (caesium) yenye mionzi na thali (thallium), hadi zinapotoka na choo. Ilitumika kwa waathirika wa ajali ya mionzi ya Goiânia, Brazili, mwaka 1987. Sianidi iliyoshikwa na chuma pande zote mbili haimdhuru mtu, ilhali sianidi huru ni sumu kali.

SWALI: Nina shamba la kahawa wilayani Hai. Je, mrututu na chokaa tunaopulizia dhidi ya chulebuni na kutu ya majani ni miongoni mwa kampaundi hizo zenye metali mbili au zaidi?

JIBU: Kwa umbo, ndiyo, kwa sababu kinachobaki juu ya jani ni chumvi ya shaba ambamo ioni nyingi zimeunganishwa kwa madaraja ya haidroksidi na salfeti. Kwa kazi, hapana. Kuvu hafi kwa sababu ya muungano huo, bali kwa sababu muungano huo huyeyuka polepole na kuachia ioni za shaba kila jani linapolowa, na chokaa huwekwa ili ziachiwe taratibu zisiunguze majani. Shaba inayonyeshewa na mvua hushuka kwenye udongo na haiozi, hivyo shamba lililopuliziwa kwa miongo mingi hulimbikiza. Kama migomba yako iko katikati ya kahawa, hilo ni jambo la kufikiria unapopanda upya. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Lyamungo ina miche ya aina zinazostahimili magonjwa hayo mawili.