Maradhi ni ya ngozi, mbona tumeandikiwa wataalamu saba?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka minne, tunaishi Wete, Pemba. Tangu siku aliyozaliwa ngozi yake hufanya malengelenge kila inaposuguliwa, hata na mshono wa nguo, na sasa vidole vya mkono wake wa kulia vimeanza kushikana. Mwezi uliopita tulivuka kwenda Unguja, tukaambiwa ni epidamolisisi bulosa ya aina ya distrofiki, kisha tukaandikiwa kuonana na daktari wa ngozi, wa meno, wa macho, wa upasuaji, mtaalamu wa lishe, mtaalamu wa viungo na muuguzi wa vidonda. Mmoja anasema kidonda kifungwe, mwengine anasema kiachwe wazi. Kwa nini asitutibu daktari wa ngozi peke yake, na katika hao wote tumsikilize nani? Na je, ni kweli yametokana na mimi na baba yake kuwa watoto wa ndugu?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu, na pole sana kwa miaka minne ya kuuguza. Ngozi ina tabaka la juu na tabaka la chini, na baina yao zimo nyuzi ndogo mno za protini iitwayo kolajeni ya saba, zinazofanya kazi ya uzi unaoshikiza bitana kwenye koti: uzi ukikosekana, bitana huteleza. Mwanao amezaliwa na kasoro katika jeni (maelekezo ya mwili yanayorithiwa kwa wazazi) inayotengeneza kolajeni hiyo, kwa hivyo msuguano mdogo tu hutenganisha tabaka mbili, maji yakajaa katikati, na hilo ndilo lengelenge. Lakini nyuzi hizo haziko kwenye ngozi peke yake. Zimo kinywani, kwenye umio, kwenye njia ya haja kubwa na juu ya kioo cha jicho. Tunayaita maradhi ya ngozi kwa kuwa ngozi ndiyo inayoonekana.

Mtoto mwenye malengelenge kinywani hula kidogo, hali ya kuwa mwili wake unahitaji chakula kingi kuliko wa wenzake, maana kila siku vidonda humwaga protini na damu. Damu ikipungua, vidonda haviponi. Choo kikiwa kigumu humchana, naye akaogopa kwenda haja, kisha akaogopa hata kula. Nimewahi kumhudumia mtoto aliyebadilishiwa dawa za kupaka mara nyingi bila ya nafuu, na kilichokuja kumsaidia ni kulainishiwa choo na kuongezewa madini ya chuma. Ndiyo sababu mtaalamu wa lishe yumo katika orodha yako, na mimi ningemweka juu kabisa. Mpe mwanao uji wa mchele wenye maziwa, mtindi, ndizi mbivu, na samaki aliyechambuliwa miiba akapondwa kwenye mchuzi wa nazi uliopoa. Mwepushe na ndimu, ukwaju, pilipili na vitu vikavu vinavyokwaruza koo. Akianza kukwama na chakula laini, umio umeanza kufanya makovu na unaweza kupanuliwa kwa puto maalumu.

Jicho likiwa jekundu na mtoto akikataa mwanga, apelekwe siku hiyohiyo. Meno yapigwe mswaki laini, kwani jino likioza ndani ya kinywa kisichofunguka vizuri, kulitibu ni kazi kubwa.

Sasa mkono, ambao ndio ulionishughulisha zaidi nilipousoma ujumbe wako. Vidole hushikana kwa sababu vidonda vilivyo ubavu kwa ubavu hupona kwa pamoja na kovu hulifunika ganja kama soksi. Daktari wa upasuaji anaweza kuvitenganisha, lakini mkono huo utajifunga tena ikiwa hakuna anayevifunga vidole kimojakimoja kila siku, na hakuna mtaalamu wa viungo wa kumtengenezea kibao cha kunyooshea cha kuvaa usiku. Upasuaji bila ya watu hao wawili ni maumivu ambayo mtoto amepewa bure. Siku ya upasuaji naye mtaalamu wa usingizi lazima aarifiwe mapema, kwani plasta ya kawaida ya kushikizia mpira wa dawa inaweza kuondoka na ngozi, na barakoa ya hewa isiyopakwa mafuta inaweza kuchuna uso. Timu inayozungumza huyapanga meno, umio, mkono na kubadilisha bandeji katika usingizi mmoja. Timu isiyozungumza humlaza mtoto mara nne.

Kuhusu kufunga au kuacha wazi, nadhani kila mmoja alikuwa akizungumzia kitu chake. Lengelenge ambalo halijapasuka litobolewe upande wa chini kwa sindano safi ya hospitali, maji yatoke, kwani likiachwa hutanuka. Ile ngozi ya juu isichunwe, ndiyo kifuniko bora kuliko vyote. Kidonda kilicho wazi na chenye nyama nyekundu kifungwe, ila kwa kitu kisichonata: bandeji ya silikoni ikipatikana, na isipopatikana, shashi safi iliyopakwa vaselini nyingi, juu yake bandeji laini ya kuzungusha. Plasta isiguse ngozi yake kamwe.

Kilio cha wakati wa kubadilisha bandeji si jambo la kuzoea. Dawa ya maumivu itangulie kwa nusu saa hadi saa moja, kwa kipimo cha uzito wake. Bandeji usiivute ikiwa kavu. Iloweshe katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi gramu 9 kwa lita, yaani kama kijiko kimoja na nusu cha chai kilichosawazishwa, kwani maji matupu huwasha kidonda kuliko maji hayo. Fungua mguu mmoja, umalize, ndipo ufungue wa pili. Mwache yeye mwenyewe aondoe ncha ya mwisho. Mtoto anayeshika bandeji yake hulia kidogo kuliko anayeshikwa. Ikiwa hata hivyo analia mpaka anachoka, muulize daktari kuhusu mofini ya maji. Wazazi wengi huiogopa, lakini chini ya uangalizi wa daktari ni dawa halali kabisa kwa mtoto mwenye maumivu makali. Na usimnyanyue kwa kumshika makwapani: mkono mmoja uwe chini ya makalio, mwengine nyuma ya shingo. Nguo avae ndani nje, mishono isimguse, na akikaa kwenye mkeka wa ukili tandika kwanza kanga kuukuu iliyolainika.

Tumsikilize nani, umeuliza. Ombeni mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa mratibu wenu. Mara nyingi muuguzi wa vidonda hufaa zaidi, kwa sababu ndiye anayemwona mtoto akiwa hana bandeji. Nunua daftari moja, kila mtaalamu aandike humo alichoamua, na wa pili asome kabla ya kuandika lake. Wakipingana, mratibu ndiye awaulize, si wewe. Mwombe pia awapangie miadi ya siku mbili mfululizo, kwa kuwa kumvusha mtoto huyu kwa boti kila wiki ni kumuongezea vidonda. Tena nawe ni mmoja wa timu hiyo: hakuna mwengine anayejua ni mkao gani unaomuumiza usiku.

Kuhusu udugu wenu, katika sura moja ya maradhi haya kila mzazi hubeba nakala moja ya jeni hiyo yenye kasoro bila ya kuumwa, na kila mimba huwa na nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupata zote mbili. Watoto wa ndugu huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba nakala ileile, lakini hutokea hata kwa wasio ndugu, na ipo sura nyengine ambayo nakala moja tu hutosha. Kipimo cha jeni ndicho kitakachowaambia yenu ni ipi. Si kosa lenu, hayaambukizi, wala hakurogwa.

Ukisikia mtu anauza dawa ya kuyamaliza kabisa, usitoe pesa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka inayopeleka jeni isiyo na kasoro kidondani, nayo husaidia vidonda kufunga lakini haiondoi maradhi, na bei yake ni kubwa mno. Na mwanao akikaribia ujana, kidonda kisichopona, kilichoinuka au chenye maumivu mapya kikatwe kipande na kupimwa, kwani saratani ya ngozi huwapata watu hawa mapema.

Mkono usisubiri miadi ya Unguja. Nenda wiki hii kwa mtaalamu wa viungo aliye karibu nawe huko Pemba, na usiku wa leo, akishalala, mzungushie shashi yenye vaselini kidole kimojakimoja, ukianzia kwenye maungio pale ngozi ilipoanza kupanda.