Seva na Diski Zake: Fundi Anajibu

Safari hii barua karibu zote zinalia diski. Twende.

Fundi, shikamoo. Seva yetu ya ofisi ilijaa. Nikakuta logi (daftari la matukio) ya nginx, programu inayohudumia tovuti, imefika gigabaiti 38, nikaifuta kwa rm. Kupiga `df -h`, bado asilimia 100! Nikipiga `du`, jumla haifiki gigabaiti 12. Hizo nyingine zimekwenda wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Hazijatoka hapo. Kwenye Linux, rm huondoa jina la faili tu. Data yenyewe hubaki mpaka programu ya mwisho iliyolishika faili hilo iliachie. Nginx yako imelishika tangu ilipowashwa na hadi sasa inaendelea kuliandikia, halina jina lakini lipo. `du` hupita saraka kwa saraka ikihesabu yenye majina, hivyo hailioni. `df` huuliza mfumo wa faili wenyewe umetumia kiasi gani. Ndiyo maana hesabu zao hazipatani.

Piga `sudo lsof +L1`. Utaletewa mafaili yaliyokwisha kufutwa lakini bado yameshikwa, pamoja na jina la programu iliyoyashika na ukubwa wa kila moja. Ukiiona ile ya 38, piga `sudo systemctl reload nginx`. Mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, izime huduma na kuiwasha. Nafasi itarudi papo hapo.

Siku nyingine usiifute logi inayoandikwa, ikamue: `sudo truncate -s 0` kisha njia ya faili. Jina linabaki, nginx haishtuki, na diski inapumua.

Ila mimi kinachonisumbua ni hiyo 38 yenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu, nginx huja na maelekezo yake ya logrotate, programu inayoweka kando logi kuukuu na kuanzisha mpya, na logi huzungushwa bila wewe kujua. Ikikua hivyo, huenda kuna mtu aliipeleka nje ya /var/log/nginx, logrotate haijui ilipo. Fungua /etc/logrotate.d/nginx, ongeza njia hiyo, halafu jaribu kwa `sudo logrotate -d /etc/logrotate.d/nginx`. Hiyo -d huonyesha tu ingefanya nini, haigusi kitu.

Habari fundi. Tovuti ya duka letu imekataa kupokea picha, inasema "No space left on device". Lakini nusu ya diski iko wazi. Nani mwongo? (Msomaji, Kisumu)

Wote wanasema kweli. Piga `df -i`. Kila faili, hata liwe na herufi moja, hula inodi moja (kadi ambayo mfumo huandikia taarifa za faili), na ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, hupanga idadi ya inodi siku unapoiumba diski: kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Diski ya gigabaiti 40 inapata kama milioni 2.6, basi. Zikiisha, hata nafasi tele haikusaidii.

Anza kutafuta kwenye folda la seshoni za PHP au foleni ya barua pepe zilizokwama. Ukilipata, `rm *` itakugomea kwa sababu majina ni mengi mno kwa amri moja. Tumia `find` yenye `-mtime +7 -delete`, ila kwanza iendeshe bila hiyo -delete uone itakachobeba.

Bosi amenunua diski mbili tukafunga RAID 1. Sasa anasema hela ya bakapu tuipeleke kwingine. Nimjibu nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mwambie RAID 1, yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile, inakuokoa diski moja ikifa, hiyo tu. Ukifuta folda la wateja kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, kwa uaminifu kabisa. Virusi vikifunga mafaili, ni hivyo hivyo.

Akikubishia, msimulie ya GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za waandishi wa programu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao, usiku na akiwa amechoka, alifuta saraka ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Alipostuka na kusitisha, katika gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5 hivi. Bakapu walikuwa nazo za aina kadhaa, ila ile ya kila siku ilikuwa ikifeli kimya kimya kwa sababu toleo la programu ya kuichukua halikulingana na la hifadhidata. Barua pepe za kuonya nazo zilikuwa zinakataliwa njiani! Kilichowaokoa ni picha ya diski (snapshot, yaani nakala ya diski ilivyo wakati huo) ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo hela ya bakapu mwombe, na kila mwezi rudisha faili moja kutoka kwenye bakapu ulifungue kwa macho yako.

Nimeuziwa diski ya TB 4, Linux inasoma 3.6. Nimepigwa?

Hujapigwa. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, `lsblk` inagawa kwa 1,024. Ila ukiweka ext4, asilimia 5 hutengewa root (msimamizi mkuu wa mfumo), na kwako hiyo ni kama gigabaiti 200. Kama diski ni ya data tu, piga `sudo tune2fs -m 1` kisha jina la sehemu ya diski, ibaki asilimia 1 tu na nyingine uzikomboe.

Kwetu umeme hukatika mara kwa mara. Ukirudi, seva haiwaki mpaka mwisho, inasimama kwenye "emergency mode". Diski ya nje ya bakapu huwa imechomolewa. Inahusiana? (Msomaji, Tanga)

Sana. Diski hiyo iko kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kufungwa seva inapowaka, na seva inaisubiri sekunde 90, isipotokea inasusa. Kwenye mstari wake ongeza `nofail,x-systemd.device-timeout=10s`, na uitaje kwa UUID, namba yake isiyobadilika, maana inayoitwa sdb leo kesho yaweza kuwa sdc. Kama UPS yako ina waya wa USB, funga NUT, programu inayosikiliza UPS, ili seva ijizime yenyewe kabla betri haijaisha.

Ukimaliza, piga `sudo findmnt --verify` kabla hujaiwasha upya. Mimi niliwahi kukosea koma moja kwenye fstab nikiwa mkoa mwingine, na ofisini aliyebaki ni mlinzi. Nilimsomea amri kwa simu, herufi kwa herufi, hadi saa saba usiku, na kila nikitaja mkwaju (/) yeye anabonyeza ule uliolalia upande wa pili.