Anti Kitabu Anajibu: Mama Wamekufa Wote, na Ami Kumbe Si Ami

*Anti shikamoo. Binti yangu ana miaka 10, kakolea hivi vitabu vya watoto wapelelezi, hasikii adhana ya chakula wala nini. Sasa nimevipitia, humo ndani kila mtoto hana mama, au baba kapotea, au mjomba jambazi. Juzi nakuna nazi ananiuliza, "Mama, ukifa na mimi ntakuwa mpelelezi?" Nimnyang'anye? – Mama Binti, Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Nisamehe, nimecheka mpaka kahawa imenimwagikia. Usimnyang'anye. Hao kina mama wanauliwa na mwandishi kwa sababu ya kazi tu, we jiulize, mtoto wa Chumbageni mwenye mama yake atatokaje saa 4 usiku na tochi kumfuatilia mwizi? Hafiki hata getini. Kwaiyo mama anaondolewa mapema ili hadithi ipate kutembea.

Kinachonikera mie ni kifo kisichoacha hata alama. Nancy Drew, yule binti mpelelezi wa vitabu vya Marekani, kitabu chake cha kwanza cha 1930 kinasema mama alifariki yeye akiwa na miaka 10, walipokiandika upya 1959 wakarudisha nyuma mpaka miaka 3, yaani msiba ukasogezwa kule asikoweza kukumbuka, mtoto aendeshe gari lake bila kulia. Sasa mtoto aliyefiwa kweli akisoma pale anajiona yeye ndo mwenye kasoro.

Afu mlinganishe na Emil, kijana wa kwenye kitabu cha mwandishi Mjerumani Erich Kästner, cha 1929. Baba kafariki, mama anaosha watu nywele palepale nyumbani, anajinyima mpaka anapata maki 140 za kumpa kijana asafiri nazo kwenda kwa bibi yake Berlin. Kijana anajua zile hela zimetoka wapi, ndo maana anazibana kwa pini ndani ya koti, kwenye treni usingizi unampitia, anaibiwa. Na mwizi anakuja kunaswa benki kwa nini? Noti zina matundu ya pini! Yaani dhiki ya mama ndiyo iliyoweka pini, na pini ndiyo imemkamata mwizi. Huyo mwandishi hakuweka umaskini kama pambo. Msomee binti hicho, na lile swali lake mjibu tu kwamba hufi leo, na kazi ya kukuna nazi bado ipo.

*Anti, mie mwalimu wa msingi. Nimeandika hadithi ya upelelezi ya kurasa 60 (nimekutumia). Yatima anatafuta wasia wa bibi yake uliomwachia nyumba nzima, ami yake kauficha kwenye Mapango ya Amboni. Mwisho inagundulika yule si ami yake, ni tapeli aliyefanana naye. Nimewasomea la sita, wakaguna. Nimekosea wapi? – Mwalimu, Makorora*

Mgosi, nimezisoma zote, na ile ya popo kumwangukia mtoto kichwani nimeirudia mara mbili, unajua kuandika. Ila wasia ule! Ami ana jiko la mkaa uani, umelitaja mwenyewe ukurasa wa 9. Kwanini asiutie motoni, badala yake anaenda kilomita kama 8 mpaka Amboni, analipa kiingilio, anapita na mtembezaji wageni, anachomeka karatasi kwenye jiwe linalochuruzika maji? Najua kwanini, ulikuwa unayataka mapango. Hata mie ningeyataka, nani kakulia Tanga hakusimuliwa yule mbwa aliyeingia Amboni akaibukia Kilimanjaro. Basi mpe ami sababu. Bibi kaandika wasia nyuma ya karatasi ya mauziano ya nyumba, karatasi pekee iliyopo, na ami anaihitaji akitaka kuuza. Hapo hawezi kuichoma wala hawezi kuionyesha, lazima aifiche, na kuifunga vizuri kwenye nailoni.

La pili, "nyumba nzima". Hao la sita jioni wanaenda madrasa jamani, wapo wanaojua kwa sheria ya Kiislamu wasia hauvuki theluthi ya mali. Na mjukuu aliyefiwa na baba, akiwepo mtoto wa kiume wa bibi, harithi, ndo maana bibi akaandika wasia. Kwaiyo ami anaficha theluthi tu, na mie naona hiyo ni nzuri zaidi kuliko nyumba nzima, mtu mwenye sehemu yake kubwa tayari anamwonea choyo yatima vyumba viwili vya nyuma.

Sasa hilo la tapeli. Hapo uliogopa mgosi, sema kweli. Ulifika mlangoni ukaona mwizi ni damu yake mwenyewe, ukageuza njia, ukamtafutia mtu wa mbali anayefanana naye. Kafanana naye kiasi gani mpaka mama mzazi asimjue, jirani wa baraza moja asimjue, wa kucheza naye bao asimjue? Watoto waliguna kwa sababu ami wa namna ile wanamjua, wengine wanalala nyumba moja naye. Ukurasa wa 41 ami anamletea yatima vitumbua asubuhi baada ya mazishi, anamfutia sukari mdomoni kwa kidole. Nilipofika pale nilisisimka, nikasema huyu mwandishi anataka kunionyesha mtu anayempenda mtoto na anamwibia, vyote pamoja. Ukimfanya tapeli, vile vitumbua vinakuwa igizo tu.

Iache sura ile kama ilivyo, andika upya kuanzia ukurasa wa 52. Askari sijamhitaji, wazee wa familia kuketi ukumbini na ile karatasi katikati ya mkeka inanitosha, na ami akiwepo. Ukimaliza, yule mwanafunzi aliyeanza kuguna mpe asome kabla yangu.