Nimefuta logi, mbona diski bado imejaa?

SWALI: Habari za kazi kaka, mi naangalia seva moja ya Ubuntu hapa ofisini, juzi diski ikajaa programu ikagoma kuandika, nikacheki /var/log/duka nikakuta faili moja ya logi (kumbukumbu za programu) ina giga 31, nikaipiga rm fasta. Sasa ls inasema faili haipo ila df -h bado 100%, na du ndo haioni kabisa hizo giga 31. Nani muongo hapo? Alafu kuna komandi ya kuona nini kinakula nafasi bila kufungua folda moja moja?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakuna muongo hapo ndugu yangu, kila moja inahesabu cha kwake. du inapita kwenye majina ya faili, df inauliza mfumo wa faili wenyewe nafasi iliyoshikwa ni kiasi gani. Kwenye Linux rm inafuta jina tu, data haiachiliwi mpaka jina la mwisho liishe na pasiwe na prosesi (programu inayokimbia) yoyote iliyoifungua hiyo faili, na programu yako bado imeifungua na inaendelea kuandika humo humo. Piga hii:

sudo lsof +L1

Itakuletea faili zilizo wazi ambazo hazina jina tena pamoja na PID, yaani namba ya prosesi inayozishika. Ukiristati programu, nafasi inarudi hapo hapo. Kama ni saa za wateja na huwezi kuristati, soma safu ya FD (namba ambayo prosesi inaitumia kwa hiyo faili), tuseme ni 7w, w ni ya kuandika, na PID ni 2143, basi ifanye faili iwe tupu hivi:

sudo truncate -s 0 /proc/2143/fd/7

Siku nyingine usipige rm kwenye logi inayoandikwa, piga truncate -s 0 kwenye faili yenyewe yaishe. Ila kuna programu haziandiki kwa kuongezea mwishoni, zinakumbuka pale zilipofika, hivo baada ya truncate ls -l itakuonyesha tena giga 31 ukashtuka bure, wakati du itakwambia ni kidogo tu.

Ya kutafuta mlaji ni hii:

sudo du -xh --max-depth=1 /var | sort -h

Kubwa zinakaa chini, na -x inaizuia isiingie diski nyingine. Ukikuta ni /var/log/journal, zile logi za mfumo wenyewe, sudo journalctl --vacuum-size=200M inatosha. Ikiwa ni Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya kontena, anza na docker system df kuona nafasi, usikimbilie docker system prune ya kusafisha maana inaondoa hata kontena zilizosimama, na wengine huko ndo wameacha kazi zao. Alafu weka logrotate bana, ile ya kuzungusha na kufuta logi za zamani yenyewe, logi ya giga 31 ni uvivu tu.

SWALI: Nataka kufuta logi zilizobanwa za .gz za zaidi ya mwezi lakini komandi ya find naiogopa.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Una haki ya kuogopa dada. Anza hivi:

find /var/log/duka -name '*.gz' -mtime +30 -print

Soma orodha yote, ukiridhika badilisha -print iwe -delete, na ibaki hapo hapo mwisho kwa sababu find inasoma masharti kutoka kushoto kwenda kulia, ukiitanguliza -delete itafuta folda nzima kabla haijafika kwenye jina wala tarehe.