Afande, mbona gari linanguruma halijaenda popote?

Shikamoo afande. Naishi jirani na kituo cha zimamoto. Kila asubuhi wanawasha gari, linanguruma, halafu haliendi popote. Huko si kuchoma dizeli bure? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Marahaba mwanangu. Si bure yote. Zamu mpya haipokei gari kwa maneno, inalikagua: injini, pampu, taa, king'ora na upepo wa breki. Breki za magari yale makubwa hutumia upepo, na gari likilala muda mrefu upepo unashuka. Ukishuka, gari halisogei mpaka ujae tena, na nyumba ya mtu inaungua huku unasubiri.

Lakini ukaguzi ni wa dakika chache. Gari kuachwa linanguruma hadi watu wamalize chai, hapo sasa ni hasara. Dawa yake ipo: waya wa umeme kutoka ukutani unaochaji betri, pamoja na kikompresa kidogo cha kujaza upepo. Gari linakaa tayari, injini imezimwa.

Mimi dizeli inaniuma, ila moshi unaniuma zaidi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani, na mwaka 2022 wakaitaja kazi ya zimamoto yenyewe. Nimelala miaka mingi katika chumba kilichopakana na banda la magari, nguo zikinuka moshi asubuhi. Vijana, toeni gari nje kwanza, ndipo mlikague.

Maji kwetu ni ya mgao, nanyi mnayamwaga kwenye mazoezi. Hamwoni huruma? (Mama Neema, Kaloleni, Arusha)

Tunaona, mama, na una haki ya kuuliza. Mazoezi ya pampu hayahitaji maji ya kumwaga: unavuta kwenye tangi, unayarudisha tangi lile lile. Tena paa la kituo ni kisima. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo paa la mita za mraba 200, siku ya masika yenye milimita 30, linakupa karibu lita 6,000. Hayo yanatosha mazoezi na kuoshea magari, na ya bomba yabaki ya kunywa.

Hata kwenye moto wenyewe, maji mengi si ndiyo ustadi. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700 na kubeba joto kwa wingi. Askari anayejua kufungua pua ya mpira kwa manyunyu, kidogo kidogo, huzima chumba kwa maji machache. Anayemwaga tu huloanisha godoro la jirani.

Lile povu jeupe likiingia mtoni, lina madhara? (Msomaji, Rau)

Linategemea aina. Baadhi ya mapovu ya kuzimia moto wa mafuta yana kemikali zisizooza, zinazodumu kwenye maji na miilini mwetu. Mojawapo, PFOS, iliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2009, na Tanzania ni mwanachama. Yapo mapovu yasiyo na kemikali hizo. Kwenye mazoezi tumieni hayo tu, na mbali na mfereji wowote unaoshuka Mto Rau au Themi.

Magari ya zimamoto ya umeme yapo?

Yapo. Los Angeles walianza kutumia moja mwaka 2022, lakini hata hilo lina injini ya dizeli ya akiba, maana pampu huweza kufanya kazi saa nyingi. Kwetu nitaanza na ule waya wa ukutani.

Mimi raia wa kawaida nitasaidiaje? (Msomaji, Ngarenaro)

Angalia kisima cha maji ya zimamoto mtaani kwako. Kama kimefukiwa na kifusi au kimewekewa meza ya biashara juu yake, toa taarifa leo. Gari likikosa maji hapo, litakwenda kuyatafuta mbali na kurudi, dizeli ikiungua na nyumba ikiungua. Ukiona moto, piga 114, taja mtaa na alama inayojulikana, kisha tuma mtu barabarani atupokee. Tukipotea vichochoroni, tunachoma mafuta na kupoteza dakika ambazo mwenye nyumba hana.